Punda Mwenye Soksi za Milia

Kuna picha moja isiyochoka kuzunguka katika simu za watu wa Lamu. Mnyama mdogo amesimama ubavuni mwa punda milia jike. Kiwiliwili chake ni cha rangi ya udongo kama punda yeyote wa hapa kwetu, ila miguu yake yote minne imechorwa milia, kana kwamba amevishwa soksi. Kila inaporudi huja na maelezo mapya: mara wataalamu wamechanganya damu maabara, mara ni dalili za Kiyama, mara punda milia ndiye punda wa kale na sasa ukoo umeanza kurudi kwao.

Mara ya mwisho nilionyeshwa barazani pale Mkunguni, mbele ya Ngome, kahawa ikiwa bado ya moto. Mzee mmoja mwenye punda wanne wa kubebea mchanga akaitazama, akairudisha simu kwa mwenyewe, akasema: "Huyu mbona ninaye." Tukamcheka. Akainuka, akatupeleka hadi kwa punda wake jike aliyesimama kivulini na soji mgongoni, akatuonyesha miguu. Kweli, kuanzia juu ya kwato hadi gotini palikuwa na mistari myeusi hafifu, kama ya kalamu iliyokaribia kuishiwa wino. Baraza likawaka. Punda wa kisiwani amekutana wapi na punda milia?

Picha ni ya kweli, na mzee naye alisema kweli. Lakini milia ya kwenye picha na milia ya punda wake imekuja kwa njia mbili tofauti kabisa, na mtu hawezi kuzitenganisha njia hizo kabla ya kuelewana na mwenzake juu ya maneno machache.

Neno la kwanza limekuwa vinywani mwetu tangu 2023, watafiti walipochapisha walichosoma katika mifupa ya watu wa kale waliozikwa Manda, Faza na Mtwapa. Kila mtu sasa anataja DNA. Ni kitu gani? Mwili wa kiumbe umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya karibu kila chumba mna maandishi ya namna ya kuujenga mwili huo. Maandishi hayo ndiyo DNA, au vinasaba. Sehemu ya maandishi yenye kazi yake maalumu, tuseme kupanga rangi ya manyoya, ni jeni. Na kwa kuwa maandishi yenyewe ni marefu mno, hukunjwa katika marobota. Kila robota ni kromosomu moja.

Punda ana kromosomu 62. Farasi ana 64. Punda milia wa kawaida wa nyika zetu ana 44, na yule wa kaskazini mwa Kenya mwenye milia myembamba, wanayemwita wa Grevy, ana 46. Hesabu zote hizo ni shufwa kwa sababu kromosomu hukaa mbili mbili, kama leso. Leso huuzwa doti, vipande viwili. Mtoto anapotungwa, mama huchana kila doti yake akatoa kipande kimoja, baba naye vivyo hivyo, na vipande vya huku na huku vinakutanishwa kuwa doti mpya. Tofauti na ya dukani ni kwamba vipande viwili vya doti hii si lazima viwe na maua yaleyale. Cha mama kinaweza kusema manyoya meusi na cha baba kikasema kijivu. Ila sharti vilingane urefu na pindo, la sivyo havitakunjika pamoja.

Spishi, basi, ni kundi la wanyama ambao wakizaana, watoto wao nao huzaa. Maana hii ina matundu yake na wanabiolojia wenyewe hugombana juu yake, lakini kwa baraza la Mkunguni inatosha.

Sasa turudi kwenye picha. Mwaka 2019 punda milia jike alitoka Mbuga ya Tsavo Mashariki akaenda kuishi na mifugo ya wanavijiji jirani. Alihamishiwa Chyulu, na mwaka uliofuata akaonekana na mtoto mwenye miguu ya milia. Sheldrick Wildlife Trust, wanaojulikana zaidi kwa ndovu yatima, ndio waliotangaza habari hiyo. Maabara haikuhusika. Mama alikuwa amekaa na punda, punda dume akafanya la punda dume, na mimba ikachukua muda wake kama mimba zote.

Hesabu ya mtoto huyo ni hii: mama katoa nusu ya 44, yaani 22, baba katoa nusu ya 62, yaani 31. Jumla 53, witiri. Maandishi ya pande mbili yanakaribiana kiasi cha kuujenga mwili mzima, wenye afya, unaokula na kukimbia. Tatizo linakuja siku yeye mwenyewe anapotakiwa kuzaa. Akifungua doti zake achane kipande kimoja kimoja, anakuta vingine havina mwenzake, vingine ni virefu kuliko wenzake, vingine pindo zimepishana. Mbegu haitengenezeki. Ndiyo yaleyale ya baghala, mtoto wa punda dume na farasi jike, mwenye kromosomu 63: ana nguvu kuliko baba, mvumilivu kuliko mama, lakini ukoo unaishia kwake. (Kamusi za zamani zilimwita baghala "nyumbu" pia, jina ambalo leo tumempa yule anayevuka mto Mara. Wanaosoma vitabu vya zamani huchanganyikiwa bure wakikuta nyumbu amefungwa gari la mizigo.)

Kwa hiyo yule wa Chyulu si spishi mpya wala mwanzo wa kitu. Ni ajali ya jirani, na haiendelei.

Milia ya punda wa mzee ni habari nyingine, na ndiyo iliyonivuta kuandika.

Watu wa Pate, Siyu na Lamu wamenakili tenzi kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, kizazi baada ya kizazi. Mnakili hata awe hodari vipi, ataruka nukta, atarudia neno, atasoma herufi moja akaandika nyingine. Anayenakili kutoka kwake atalichukua kosa hilo akidhani ndivyo lilivyo, kisha ataongeza lake. Leo ukimpa mtafiti nakala kumi za utenzi mmoja, hatazipanga kwa yale yaliyo sahihi, kwa sababu yaliyo sahihi yanafanana kote. Atazipanga kwa makosa. Nakala mbili zenye kosa lilelile katika ubeti uleule zimetoka kwa mama mmoja. Nakala isiyo na kosa hilo iliachana nazo kabla halijatokea.

Wanaosoma vinasaba hufanya hivyohivyo. Seli inaponakili maandishi yake hukosea hapa na pale. Mengi ya makosa hayo hayadhuru wala hayafaidishi, machache hudhuru, na mara mojamoja moja hufaa. Yanayotokea katika mbegu au yai hurithiwa. Ukilinganisha makosa ya wanyama wawili unajua wanavyohusiana, na ukiyahesabu unapata kukadiria waliachana lini.

Kwa njia hiyo tunajua kwamba farasi, punda na punda milia wana babu mmoja aliyeishi kati ya miaka milioni 4 na milioni 4.5 iliyopita. Ukoo wa farasi ulijitenga kwanza. Ukoo wa punda na wa punda milia uliendelea pamoja kwa muda kabla ya kuachana. Maana yake ni kwamba punda wetu yuko karibu zaidi na punda milia kuliko alivyo karibu na farasi, jambo ambalo barazani lilipokewa kwa mguno. Lakini karibu si sawa na kuzaliwa naye. Kumwita punda milia babu wa punda ni sawa na kumwita binamu yako babu yako kwa sababu tu yeye amebaki shamba na wewe umehamia mjini.

Babu halisi yupo, na bado hai kwa shida. Ni punda-mwitu wa Afrika, aliyebaki kwa mamia machache katika majangwa ya Eritrea na Ethiopia, upande wa Danakil. Mtazame picha yake: kijivu, tumbo jeupe, masikio marefu. Yule wa jamii ya Kisomali ana milia myeusi miguuni, wazi kabisa. Yule wa jamii ya Kinubi, ambaye pengine hayupo tena, alijulikana kwa mstari unaokata mabega. Sasa tembea Usita wa Mui asubuhi, kabla jua halijachoma, uwatazame punda wanaopita na mifuko ya saruji. Wengi wana mstari mweusi wa mgongoni unaokatwa na mwingine mabegani. Baadhi, kama wa mzee, wana alama hafifu miguuni. Hawakuzipata kwa punda milia. Ni maandishi ya babu ambayo hakuna mnakili aliyeyafuta.

Na babu huyo ni wa huku kwetu. Nimewasikia watu wengi, wasomi kwa wasio wasomi, wakisema punda aliletwa na Waarabu kwa majahazi. Huenda punda fulani alikuja kwa jahazi. Punda kama punda hakuja. Mwaka 2022 kundi la watafiti lilichapisha usomaji wa vinasaba vya punda 207 wa leo kutoka sehemu nyingi za dunia, pamoja na mabaki ya punda 31 wa kale. Makosa ya kunakili yote yaliwarudisha chimbuko moja: Afrika Mashariki, upande wa Pembe, yapata miaka 7,000 iliyopita. Huo ndio wakati Sahara, iliyokuwa na maziwa na majani, ilipokuwa ikikauka. Wafugaji wa enzi hizo walihitaji mnyama wa kubeba maji na mizigo katika nchi inayozidi kuwa kavu, na palikuwa na mmoja aliyekwisha kuzoea ukavu huo. Farasi kwao ni nyika za Urusi ya leo. Punda wa Hispania, wa Uchina na wa Uyunani, ukimfuata nyuma vya kutosha, atakuleta huku.

Ile hali yake ya kusimama tu katikati ya njia asitikisike kwa fimbo wala matusi, tunayoiita ukaidi, nayo inaelezeka. Farasi ni mnyama wa nchi tambarare. Akishtuka hukimbia kwanza, mengine baadaye. Punda-mwitu aliishi penye mawe na makorongo, ambako kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Aliyesimama akapima jambo kabla ya kuondoka alizaa kuliko aliyepaparika. Tumempa jina baya kwa kitu kilichomwokoa babu yake.

Hapo nimeligusa neno ambalo watu huliogopa, mageuko, na ni afadhali niliseme wazi, maana wengi wakilisikia hujiandaa kwa ugomvi wa dini. Makala haya yanahusu punda na paka. Mageuko ni kubadilika kwa maandishi ya ukoo, kizazi hata kizazi, kwa sababu baadhi walizaa zaidi ya wengine. Basi. Anayeamua nani azae akiwa ni jangwa, njaa, simba au ugonjwa, tunaita uteuzi wa asili. Akiwa ni mtu, tunaita kufuga.

Nasema kufuga kwa maana yake nzito, kwa sababu Kiswahili kinatuponza hapa. Mtoto akiokota digidigi akamlea kwa maziwa ya chupa husema "ninafuga digidigi". Tumbili wa hoteli za Malindi anayenyakua mkate mezani, watu husema amefugika. Hapana, amezoea. Kuzoea hutokea kwa mnyama mmoja katika maisha yake, na akifa limekwisha. Mwanawe atazaliwa mwitu kama kawaida, atahitaji kuzoeshwa upya. Kufugika hutokea kwa ukoo. Mnyama mwenyewe hahitaji kubadilika hata kidogo. Ni swali la nani alizaa na nani hakuzaa, tena na tena, mpaka maandishi yenyewe yanageuka.

Mwishoni mwa karne ya 19 tajiri mmoja wa Uingereza, Walter Rothschild, alijitokeza Buckingham Palace akiwa na gari linalokokotwa na punda milia. Watu walishangilia. Wajerumani waliotawala Tanganyika nao walimtamani punda milia kwa sababu ya maana zaidi: mbung'o aliwaua farasi wao, na punda milia alionekana kustahimili. Walizoesha kadhaa. Lakini punda milia aliyezoeshwa huuma na kushikilia, hupiga teke akikusudia, na huinamisha kichwa kamba inapomjia. Milioni za miaka ya kuishi na simba na fisi ziliwaondoa waliokuwa wapole. Ingewezekana kumfuga kwa maana nzito? Labda, kama mtu angechukua mamia, akawazalisha watulivu pekee, akaendelea hivyo mwaka hadi mwaka bila kuchoka. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuhangaika, na punda alikuwepo tayari.

Kuna waliohangaika na mbweha. Mwaka 1959 huko Novosibirsk, Urusi, Dmitry Belyaev na mwenzake Lyudmila Trut walianza na mbweha wa rangi ya fedha waliofugwa kwa ajili ya manyoya. Jaribio lao lilikuwa jepesi ajabu. Mtu anasogeza mkono kwenye tundu, anaandika nani ameuma, nani amerudi nyuma, nani ametulia. Watulivu tu, sehemu ndogo ya kila kizazi, waliruhusiwa kuzaa. Watoto hawakufundishwa chochote. Baada ya vizazi vichache tu walizaliwa mbweha wanaotikisa mkia wakimwona mtu na kulia wakitaka kushikwa. Tena baadhi walitokea na masikio yaliyolala, mabaka meupe na mikia iliyopinda, mambo ambayo hakuna aliyeyachagua. Ni haki kusema kwamba jaribio hili limepigiwa chuku: mwaka 2019 watafiti wengine walikumbusha kuwa mbweha hao walitoka katika mashamba ya manyoya ya Canada, ambako mabaka na upole vilikuwepo kabla. Sehemu ya masikio na mabaka ina utata. Kwamba kuchagua watulivu kuliuzidisha upole, hilo halina utata.

Ndiyo maana wachimbuaji wa mambo ya kale hupata shida kujua mnyama alianza kufugwa lini. Abydos, Misri, walikuta mifupa ya punda 10 waliozikwa kwa heshima karibu na boma la mazishi la mfalme mmoja wa mwanzo kabisa, yapata miaka 5,000 iliyopita. Pingili za migongo yao zilikuwa zimechakaa kwa mizigo, alama ambayo punda wa mwitu hana. Lakini vipimo vya mifupa vilikuwa bado vya punda-mwitu. Walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, na ukoo wao umekaa na watu karne nyingi, na umbo lilikuwa halijafuata.

Nikifika hapa huulizwa: si ndiyo hivyo, punda akibeba sana, mwanawe atazaliwa na mgongo imara? La. Mzigo unaujenga au kuuharibu mgongo wa aliyebeba. Hauandiki chochote katika doti atakazomgawia mwanawe. Wafugaji wa bara huchanja masikio ya ng'ombe alama za ukoo tangu zamani, na hakuna ndama aliyezaliwa na alama tayari. Na tukitaka mfano wa karibu zaidi, sisi wenyewe tumetahiri watoto wetu wa kiume tangu zama za Nabii Ibrahimu, na ngariba bado ana kazi.

Paka nimewaweka mwisho kwa sababu ndio wenye hadithi nzuri zaidi, na hadithi nzuri ndiyo ngumu kuifuta.

Wanaotembeza wageni Lamu wana maneno yao: paka hawa wembamba, shingo ndefu, masikio makubwa, mnaowaona wakingoja samaki ufukweni, ndio paka wa Firauni wenyewe, wametoweka duniani kote wakabaki hapa. Mgeni hufurahi, hupiga picha. Ukweli wake ni nusu, na nusu hiyo si ya Lamu peke yetu. Paka wote wa nyumbani duniani, wa Langoni na wa London, wametoka kwa paka-mwitu wa Afrika na nchi za Mashariki ya Karibu, ambaye bado anawinda panya katika nyika za Kenya. Alijisogeza mwenyewe penye maghala ya nafaka. Kule Kupro kuna kaburi la miaka 9,500 ambamo paka alilazwa kando ya mtu, na paka si mnyama wa kisiwa kile. Mtu alimvusha kwa chombo. Misri ilikuja kumpenda na kumtukuza baadaye. Basi kama kuna damu ya Misri katika paka wa Lamu, imo pia katika paka wa kila mji. Wembamba wake ni kitu kingine: nchi ya joto haimpi faida mwenye mwili mnene, na paka anayeishi kwa matumbo ya samaki na bahati hana pa kupatia mafuta.

Lakini hadithi ya kweli ya paka hawa inanipendeza zaidi. Ukiteremka pwani hadi misitu ya Arabuko-Sokoke, kusini ya Malindi, kuna paka ambao Wagiriama huwaita kadzonzo, wenye manyoya yaliyochorwa mizunguko kama gome la mti. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa na shamba karibu na Watamu, aliwachukua watoto wa paka hao akawalea. Wengine walipelekwa Denmark kwa Gloria Moeldrup, na leo "Sokoke" ni aina inayotambuliwa katika maonyesho ya paka Ulaya na Marekani. Huko wengi waliamini kuwa ni paka-mwitu wa msituni. Si hivyo. Ni ukoo wa paka wa nyumbani uliohamia ukingo wa msitu ukajitegemea, kama paka shume yeyote, ila kwa muda mrefu. Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa University of California, Davis, viliwaweka Sokoke karibu na paka wa mitaani wa Lamu na Pate, na wote kwa pamoja upande wa paka wa Asia na pwani za Bahari ya Arabuni kuliko upande wa paka wa Ulaya. Anayejua njia za majahazi yaliyokuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi hatashangaa. Penye mchele na tende pana panya, na penye panya nahodha hakatai paka.

Gome la mti nalo linatupa somo la doti. Kuchorwa milia iliyonyooka au mizunguko ni kazi ya jeni moja, na leso ya milia ina nguvu: paka akipata kipande kimoja cha milia na kimoja cha mizunguko, atakuwa wa milia, na kile kingine kitakaa ndani kimekunjwa, hakionekani. Jeni ya namna hiyo huitwa fichika. Paka wawili wa milia, kila mmoja ameficha kipande cha mizunguko, wanaweza siku moja kumzaa kadzonzo mkamshangaa, mkaanza kumtafuta paka dume wa jirani wa kulaumiwa. Jeni hiyohiyo ikibadilika kwa duma hutoa yule anayeitwa duma mfalme, madoa yake yameungana kuwa michirizi mipana. Kabla ya watoto wa namna hiyo kuzaliwa na duma wa kawaida, walidhaniwa ni spishi yao pekee.

Nilimweleza mzee mambo haya kwa mafungu, siku mbili tatu, maana ana kazi. Kuhusu Firauni alisema waachiwe vijana wapate riziki yao. Kuhusu biashara ya ngozi za punda alikaa kimya muda mrefu: tangu Kenya iliporuhusu machinjio ya punda mwaka 2012, ngozi zikisafirishwa kuchemshwa dawa ya ejiao Uchina, bei ya punda ilipanda na wizi ukazidi bara. Serikali ilipiga marufuku 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata, na 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara hiyo barani kote. Punda jike hubeba mimba kiasi cha mwaka mzima kwa mtoto mmoja. Hesabu ya machinjio haimsubiri.

Kisha akauliza lililomkaa moyoni tangu siku ya kwanza. Huyu jike wake mwenye miguu ya babu, ampandishe kwa dume gani, mtoto atoke na milia iliyokolea?

Nikamwambia hilo linawezekana kwa subira, akimtafuta dume mwenye alama kama zake na kuendelea hivyo kwa watoto na wajukuu. Nikamuuliza milia itamfaa nini. Akafikiri. Akataja dume la jamaa yake wa Matondoni, halina mstari hata mmoja, ila halijawahi kupelekwa hospitali ya punda pale ufukweni kwa ajili ya mguu, na watoto hulishika masikio. Akainama, akauinua mguu wa jike wake, akaukwangua ukwato kwa kidole gumba kuutoa mchanga, akaanza kuukagua.